Hesabu Nyuma ya Bahasha

Karatasi mbili mezani, na kati yake chumvi.
Ya kwanza imetoka kwa muuzaji wa Akureyri,
ina picha: gari la daraja la juu, jekundu kama jeraha,
difu zote mbili zina kufuli tangu kiwandani,
shokomzoba ndefu, viti vya ngozi vinavyopashwa moto,
na usukani nao, eti, una joto lake.
Ya pili ni bahasha ya bili ya umeme,
na mgongoni mwake mwandiko wa Hallbjörn
unaolala upande, kama nyasi zetu kwa upepo.

Anasema: tuchukue la chini, la viti vya kitambaa,
rangi yoyote, hata ile nyeupe isiyopendwa,
mengine tutaliongezea wenyewe.
Anahesabu kwa vidole vilivyopasuka:
matairi ya inchi thelathini na nane,
matao ya magurudumu yakatwe, yapanuliwe,
gia za difu zibadilishwe, la sivyo injini italia,
winchi, pampu ya upepo,
na bomba la pumzi lipande hadi paani
kwa ajili ya mto.

Mto anaoutaja naujua.
Mwaka ule wa majivu ulitunyang'anya kondoo kumi na wawili
na gari la baba yangu, lenye milango ya rangi mbili,
kila kipande chake kikiitwa kwa jina la mtu:
gia ya Ketill, rimu za mjane wa Oddur.
Tulisimama ukingoni tukaliona likigeuka tumbo juu,
taratibu, kama farasi anayejigaragaza.

Basi nikakaa na kalamu. Mweka hesabu wa nyumba hii ni mimi.
Nikajumlisha rimu, nikajumlisha rangi,
ada ya mkaguzi atakayekuja na futi yake kupima matao,
mafuta yatakayonywewa na matairi mapana,
dhamana itakayokufa siku msumeno utakapogusa bati.
Haba na haba, wanasema, hujaza kibaba;
hawasemi kibaba cha nani.
Jumla ilipita bei ya lile jekundu
kwa krona laki tatu na ushei.
Na jekundu lingelala uani Ijumaa hii hii.

Nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo.

Ndipo nikasikia sauti gerejini.
Kolbeinn amerudi nyumbani tangu Oktoba, hasemi kwa nini.
Miezi mitatu mezani: nipe siagi, asante, basi.
Sasa alikuwa ameshika taa,
baba yake chini ya trela bovu, miguu nje,
na kati yao yalipita maneno
madogo, ya inchi na nusu inchi:
Kumi na saba? Kumi na tisa.
Shika hapo. Nimeshika.
Legeza. Si hivyo. Hivyo.
Kitu kikaanguka, na mmoja wao akacheka,
sikujua yupi; kicheko chao ni kimoja
na nilikuwa nimekisahau.

Kiwanda kimefikiria kila kitu.
Hapo ndipo kiliponitia shaka.
Kimefikiria tope, na mwinuko, na makalio yetu penye baridi;
hakikuacha hata nati moja ikalegea
ili watu wawili wakutane juu yake.

Nikaikunja bahasha mara nne,
nikaisokomeza chini ya mguu wa meza, ule mfupi.

Hallbjörn aliingia ananuka grisi.
Umejumlisha?
Nimejumlisha.
Ikawaje?
La chini ni nafuu, nikasema.
Akanitazama. Akaitazama meza, isiyocheza tena.
Yeye naye anajua kujumlisha.
Akanawa mikono muda mrefu kuliko kawaida.

Msumeno wa bati, akauliza Kolbeinn kutoka mlangoni,
tunao, au tuazime?